Vipande vya Kamera ya Baba

Wateja walimwita Mama Meno, wala si kwamba alikuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa fundi wa meno bandia. Daktari wa ghorofa ya chini alichukua vipimo vya vinywa vya watu, akavituma juu kwake vikiwa vimeganda kwenye plasta, naye akavigeuza kuwa meno ya kuchekea na kutafunia. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mwembamba, mwenye vidole virefu visivyojua kutulia. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alipenda kuwaambia wageni kwamba ameoa mwanamke ambaye kiti chake hakijawahi kupata joto.

Jumatatu moja asubuhi alisikia mtu akipanda ngazi kwa kishindo, akajua ni mdogo wake hata kabla hajabisha.

"Hodi humu kwa wauza meno!"

"Karibu. Usikalie hicho kiti, kina plasta mbichi."

Mdogo wake alikuwa fundi makochi, pande la mtu, viganja kama sahani. Ukoo mzima ulimwita Bomoa. Jina hilo alilipata akiwa na miaka mitano, likamganda mwilini kama gundi, hata mwishowe akaliandika mwenyewe kwenye bango la karakana yake: BOMOA MAKOCHI. Wateja wapya walimtania, wakamuuliza kama anatengeneza au anabomoa, naye alikuwa na jibu lake tayari: kochi lazima ulibomoe kwanza.

Siku hiyo alikuwa amebeba kitu ndani ya mfuko wa plastiki. Akakitoa, akakiweka mezani katikati ya mataya ya plasta. Kilikuwa kifuko cha ngozi ya kahawia, kimepasuka pembeni, mshipi wake umekauka kama muwa uliotafunwa.

"Unaijua hii?"

Mama Meno alikuwa akichonga nta. Kisu kikasimama mkononi. Aliijua. Angeijua hata kwa kuipapasa gizani.

"Shangazi anahamia kwa binti yake," Bomoa akasema. "Juzi kaniita nimsaidie kupakia, akafungua sanduku lake, akaniambia chukua mzigo wako. Mzigo wangu!" Akacheka kwa nguvu. "Kamera ya mzee, dada. Ile niliyoibomoa."

Mama Meno akaweka kisu chini, akakiokota, akakiweka tena.

"Sasa unataka nini nayo?"

"Jumamosi ya wiki ijayo binti yangu anakuja na mtoto. Mjukuu wangu wa kwanza. Nataka nimpige picha kwa hii. Simu ninayo, najua utasema simu. Lakini nataka hii. Niliiharibu mimi, itengenezwe kwa sababu yangu. Mzee alikufa hajawahi kuniamini hata na saa ya ukutani. Mimi na vitu vidogo, unajua mwenyewe, mbali na mbali. Nikasema dada yupo."

"Kuna vitu havimo humo," akasema Mama Meno. "Gia ya kuvutia filamu. Kamani mbili. Kitasa cha kurudishia filamu. Na skrubu."

Bomoa akaitazama kamera iliyokuwa bado ndani ya kifuko chake. "Hujaifungua bado."

"Kamera za zamani ndivyo zinavyokuwa," akajibu upesi, akaenda dirishani, akafungua dirisha lililokuwa wazi tayari.

Bomoa hakushtukia kitu. Alimshukuru, akamwachia kamera, akateremka ngazi kwa kishindo kilekile, na huku nyuma dada yake akabaki amesimama katikati ya chumba kama aliyesahau alichoendea.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baba yao alikuwa mpiga picha. Alikuwa na chumba kimoja chenye pazia la buluu ukutani na kiti cha mgongo mrefu, na kamera hiyo ndiyo iliyowalisha. Binti yake alipokuwa na miaka kumi, kilichomsumbua si picha. Ni ule mlio mfupi, ule mlio wa kacha! Alitaka kujua unatoka wapi. Siku moja baba amelala na homa na mama ameenda sokoni, akachukua bisibisi ya cherehani ya mama yake, akafungua skrubu sita. Ya mwisho ilipotoka, kamani ikamrukia usoni, na baada ya hapo kila alichogusa kikaacha mahali pake. Alijaribu kurudisha mpaka jasho likamtoka. Iliposhindikana, akavifungasha vipande kwenye kitambaa, akasukuma kamera chini ya kitanda.

Mdogo wake ndiye aliyeiona. Wazazi walimkuta amekaa ukumbini, kamera katikati ya miguu, anaigonga kwa mwiko na kuimba. Baba akauliza, "Nani kafanya hivi?" Mtoto akainua uso, akasema, "Mimi." Aliona anaulizwa habari ya mwiko.

Mama Meno alikuwa nyuma ya mlango, vipande vimo ndani ya gauni lake. Kesho yake akavitumbukiza chooni, kimoja kimoja.

Baba alikuwa ameahidi kupiga picha za wanafunzi wa shule nne. Kazi ile akapewa mwingine. Haikupita miezi mitano chumba chenye pazia la buluu kikafungwa, naye akaajiriwa kulinda ghala, na hakushika tena kamera mpaka anaingia kaburini. Na Bomoa akapelekwa kwa baba mkubwa, safari ya siku nzima, mpaka apate akili. Ilimchukua miaka saba kuipata.

Sasa kamera imerudi, imekaa mezani kwa Mama Meno, na Mama Meno hakuweza kukaa.

Alianza kazi siku hiyohiyo. Alipoiondoa kwenye kifuko ilitoa harufu ya vumbi na chuma, na grisi yake ilikuwa imekuwa ngumu kama ulimbo. Akazitoa gia zilizobaki, akaziosha kwa spiriti kwenye kikombe cha kuoshea meno. Alifanya robo saa, akaamka, akashuka hadi barabarani, akasimama mbele ya duka la viatu bila kuangalia viatu, akarudi. Akafanya dakika kumi, akaamka tena. Mkono mmoja ulishika koleo, na mguu ulikuwa tayari mlangoni.

Kamani alizisokota mwenyewe, kwa waya wa chuma cha pua anaotumia kubana meno bandia yasidondoke. Ya kwanza ilikuwa kali mno, shata, ile inayolia kacha, ikafyatuka kama mtego wa panya. Ya pili ikawa legelege. Ya nne ndiyo iliyotulia. Gia ilimpa kazi zaidi. Alihesabu meno ya gia jirani, akapima nafasi, akachonga nyingine kwa nta nyekundu, akaizika kwenye plasta, akaichoma kwenye tanuri hadi nta ikayeyuka ikaacha shimo, akamimina madini humo. Ndivyo anavyotengeneza meno ya watu, na gia nayo ni meno tu. Lakini alipoipasua plasta, akakuta gia imetoka na mapengo mawili mbele.

"Kibogoyo," akamwambia mumewe, akaitupa kwenye kopo.

Mumewe alikuwa amemletea chakula cha mchana. Alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kisicho na plasta, anamtazama.

"Umeizunguka meza hiyo mara ngapi tangu nije?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Kumi na saba. Una nini?"

"Sina kitu. Gia inanisumbua."

"Gia," akasema mumewe, kwa sauti aliyokuwa akiwatolea wanafunzi waliodai daftari limeliwa na mbuzi. Lakini alikuwa mtu wa subira. Akafunika vyombo, akaondoka.

Alhamisi ile alikuja mteja mmoja, mkaguzi wa tiketi aliyestaafu, meno yake mapya ameyashika mkononi, hana hata hamu ya kuyavaa. "Mama Meno, haya uliyafanya ukiwa unaelekea wapi? Chonge ya kushoto umeiweka kulia. Mke wangu amenitazama akaniuliza nimebadilishana na nani." Katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kukosea chonge. Aliomba radhi mara tatu, akayafanya upya mzee yule akisubiri.

Alijiambia: kamera ikipona, deni limekwisha. Atampa kimya, itatosha. Akajiambia hivyo kila siku. Gia ya pili ikatoka nzima. Skrubu mbili akazipata kwa fundi miwani wa mtaa wa pili, nyingine akazichonga. Kitasa cha kurudishia filamu akakitengeneza kwa plastiki ya fizi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, kwa hiyo kamera nyeusi ya chuma ikawa na pua ya waridi kama fizi ya mtoto. Alipoiona alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Maana kadiri kamera ilivyokaribia kupona ndivyo alivyozidi kukosa raha. Angekuwa anasafisha sinki, mara anakuta amesimama ngazini. Nyumbani alianza kupika akaacha sufuria mekoni, akaenda kupanga kabati.

Kitu kimoja tu kilibaki. Ndani ya kamera kuna pazia dogo la kitambaa cheusi ambalo shata hulivuta, na lile lilikuwa limechakaa na kutoboka. Mwanga ungepita, picha zingeungua. Kitambaa cha namna hiyo yeye hakuwa nacho.

Alhamisi ya wiki ya pili, zikiwa zimebaki siku mbili, Bomoa alikuja kuangalia. Alipoona kitasa cha waridi alishikilia mbavu.

"Dada! Umeitia fizi!"

"Vuta hapo. Sasa bonyeza."

Akabonyeza. Kacha! Bomoa akabonyeza tena. Macho yakamlowa, akayafuta kwa kiwiko, hana haya.

"Unajua naikumbuka siku ile kama jana?" akasema. "Watu wanasema mtoto wa miaka mitano hakumbuki. Mimi nakumbuka. Nilichukua nyundo. Nikaipiga, kitu kikaruka, nikajua nimeua. Nimeota hiyo nyundo maisha yangu yote."

Mama Meno alikuwa akipangusa meza iliyo safi.

"Hakukuwa na nyundo," akasema.

"Ilikuwepo. Ya mpini mwekundu."

"Ulikuwa na mwiko. Ulikuwa unaigonga kwa mwiko na unaimba. Ilikuwa imeshafunguliwa." Kitambaa kikaendelea kuzunguka juu ya meza. "Si wewe. Ni mimi. Niliifungua kwa bisibisi ya cherehani ya mama, nikashindwa kuifunga."

Bomoa akacheka. "Acha masihara."

"Vipande nilivitupa chooni. Ndiyo maana nilivijua kabla sijafungua."

Kicheko kilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa. Akaitazama kamera, akamtazama dada yake, akaitazama tena.

"Nakumbuka nyundo," akasema taratibu.

"Walikuambia. Walikuambia kila mwaka mpaka ukaiona."

Bomoa akaiweka kamera mezani kwa uangalifu, kama yai, akageuka, akatoka. Safari hii ngazi hazikutoa kishindo chochote, na hilo ndilo lililomtisha dada yake zaidi.

Nyumbani alimweleza mumewe yote, akizunguka sebule, na mumewe hakuhesabu. Aliposikia mpaka mwisho akavua miwani.

"Miaka thelathini na moja nimelala na wewe kitanda kimoja," akasema. "Sawa. Umemwambia, umepumua. Sasa yeye ndiye hapumui."

"Nifanye nini?"

"Mimi najua hesabu tu, mke wangu. Lakini usikae hapa ukingoja aje kwako."

Ijumaa asubuhi akaenda karakana kwa mdogo wake, kamera imo mkobani. Palikuwa na kochi limevuliwa nguo, mbao na mikanda nje, na vumbi la sponji linaelea kwenye mwanga wa mlango. Bomoa alikuwa amepiga magoti nyuma yake, misumari mdomoni. Alimwona. Akaendelea kugonga.

Mama Meno hakujua asimame wapi. Akahama kutoka kwenye mlango hadi kwenye marobota ya vitambaa, kutoka kwenye marobota hadi mlangoni.

"Simama mahali pamoja, unanipa kizunguzungu," Bomoa akasema, misumari bado mdomoni. Kisha akaitema kiganjani. "Nikuulize. Siku ile wananipakia kwenye gari, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Nilikupungia mkono."

"Ulinipungia. Ulikuwa unacheka, ulidhani unakwenda kutembea."

"Na wewe?"

"Na mimi nikakupungia."

Akagonga msumari mmoja. Ukapinda. Akaung'oa.

"Kule kwa baba mkubwa kitu kikipotea hawakuuliza. Kikombe kikivunjika, mimi stoo. Kuku akikosekana, Bomoa stoo. Nilikojoa kitandani mpaka darasa la nne. Unajua nilikuwa nafikiri nini humo stoo? Nilikuwa nafikiri ni haki yangu. Nilimuua baba kwa njaa, ndivyo nilivyojua mimi. Hata leo mke wangu akidondosha sahani jikoni, mimi niliye sebuleni ndiye ninayesema samahani." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na jina hili je? Niliandike upya bango?"

"Sijui," akasema Mama Meno. "Nimekuja kukuomba msamaha, lakini najua ni neno dogo. Sina kubwa zaidi."

"Ni dogo kweli."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Mwishowe Mama Meno akatoa kamera, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"Pazia lake limetoboka. Sina kitambaa. Ungetaka niiache, naiacha. Ungetaka niondoke nayo, naondoka."

Bomoa alisimama muda mrefu akiitazama. Kisha akaenda pembeni, akachakura kwenye lundo la mabaki, akarudi na mwavuli mweusi uliovunjika mbavu. Akaupasua, akainua kipande kwenye mwanga wa mlango, akatikisa kichwa, akachukua kingine, akakipaka gundi nyembamba ya mpira upande mmoja, akakipuliza. Yeye akakata kitambaa, kwa mkasi mkubwa kama wa kukatia mabati, lakini mstari ukatoka umenyooka kama uzi. Dada akakipachika ndani kwa kibano. Vidole vyake vikagongana na viganja vile vikubwa zaidi ya mara moja, na hakuna aliyeomba radhi. Ilipofika saa sita walikuwa wamemaliza. Kamera ilikubali mwendo mmoja tu wa shata kufunguka na kufunga. Ukigeuza kwingine inakwama.

"Mmoja unatosha," Bomoa akasema. Hakumwambia kesho uje. Ni wifi yake, mke wa Bomoa, aliyempigia simu jioni na kumwambia asichelewe.

Jumamosi nyumba ya Bomoa ilijaa. Binti alifika na mtoto wa miezi minne, mnene, mpole, mwenye uso wa mtu anayefikiria jambo. Shangazi naye aliletwa, akakalishwa kwenye kochi bora. Bomoa akawapanga wote uani kwenye kivuli cha ukuta, akawasogeza huku na huku, akapiga picha. Vijana wakacheka fizi ya kamera. Binti yake akauliza, "Baba, hii si ndiyo ile uliyoivunja ukiwa mdogo?"

Bomoa akashusha kamera kifuani.

"Aliiharibu shangazi yako huyu," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Na ameitengeneza yeye."

Vicheko vikakatika. Macho yote yakamgeukia Mama Meno, na kwa mara ya kwanza miguu yake ikakosa pa kwenda.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Nikanyamaza, akaadhibiwa yeye."

Hapo shangazi yao mzee, aliyekuwa akichezea vidole vya mtoto, akaongea bila kuinua kichwa.

"Kwani nani hakujua? Skrubu sita, mtoto wa miaka mitano azifungue kwa mwiko? Kaka yangu alikuja kwangu baada ya mwezi, akaniletea hiyo kamera nimfichie. Akasema, yule mdogo hakufanya, ni yule binti. Nikamwambia kamrudishe mtoto. Akasema nimeshamtangaza ukoo mzima, nitamrudisha kwa uso gani?"

Bomoa akamtazama shangazi kama mtu aliyeongeleshwa kwa lugha ya kigeni.

"Alijua?"

"Alijua, mwanangu. Aibu ilimzidi. Ndiyo maana alikuwa hawezi kukutazama."

Bomoa akaiweka kamera mikononi mwa mkewe, akatoka nje ya geti. Mama Meno alitaka kumfuata. Wifi yake akamshika mkono, akamwekea mtoto kifuani. "Mwache. Shika huyu." Akamshika, akatembea naye kutoka ukutani hadi ukutani, mpaka mtoto akalala, na bado akaendelea kutembea. Bomoa alirudi baada ya saa nzima, miguu ina vumbi mpaka magotini. Akachukua kamera, akamalizia filamu, akala chakula kilichopoa.

Picha zilitoka katikati ya wiki. Kati ya thelathini na sita, kumi na tisa zilionekana. Nyingine zilikuwa na ufa wa mwanga kutoka juu hadi chini, na katika mojawapo ufa huo ulimgawa shangazi nusu kwa nusu. Bomoa akampigia simu dada yake.

"Zimetoka. Mtoto ametoka vizuri." Kisha akauliza, "Jumapili una nafasi? Nataka twende kwa baba mkubwa."

"Baba mkubwa alishakufa."

"Nyumba haijafa."

Wakaondoka alfajiri, na kwa kuwa barabara siku hizi ni ya lami, wakafika mchana. Njiani Bomoa alilala, au alijifanya amelala. Nyumba ilikuwa imeuzwa zamani, na sasa alikaa humo mwanamke mmoja waliyemkuta anapaka rangi dirisha. Bomoa alimweleza kwamba alikulia hapo. Mwanamke akafuta mikono, akawakaribisha, akasema kuna mambo mengi amebadilisha lakini stoo ni ileile, haina cha kubadilisha.

Ilikuwa nyuma ya jiko. Mlango wa mbao, komeo nje, hakuna dirisha. Ndani palikuwa na makopo ya rangi na ngazi. Bomoa alisimama kizingitini, mabega yamegusa fremu upande huu na upande ule. Alikuwa amekuwa mkubwa mno kwa mlango ule.

"Hapa," akasema. "Kulikuwa na magunia. Nilikuwa nakaa kwenye kona ile."

"Bomoa..."

"Mzee hayupo. Baba mkubwa hayupo. Umebaki wewe." Hakusema kwa ukali. "Ingia kidogo, dada. Nataka mtu mwingine apajue."

Mwenye nyumba akatazama huku na huku, asijue kama aondoke au abaki. Mama Meno akaingia. Akaenda kwenye kona, akakaa chini sakafuni, gauni lake safi na yote. Mlango ukafungwa, na komeo likasikika.

Giza lilikuwa la kweli, lenye harufu ya rangi na panya. Mwanzo alisikia sauti ya mdogo wake nje, anazungumza na mwanamke yule habari za paa linalovuja. Kisha hakusikia kitu. Vidole vikatafuta pa kushika, vikakuta ukuta, vikakuta sakafu, vikarudi. Alitaka kusimama. Alitaka kuita. Akaikunja mikono kwapani, akaibana. Alijaribu kumwazia mtoto wa miaka mitano hapo alipokaa, akajikuta hawezi kwenda mbali zaidi ya miguu yake tu, ile miguu mifupi iliyokuwa imezunguka kamera pale ukumbini. Akalia. Hakujua ni dakika ngapi.

Mlango ulipofunguliwa mwanga ulimchoma macho. Bomoa alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Dakika nne," akasema.

"Nilidhani umeondoka."

"Ndiyo," akasema Bomoa. "Ndivyo mtu anavyodhani." Akampa mkono, akamwinua, akampangusa vumbi la rangi kwenye bega kwa kiganja kile kikubwa. Mwenye nyumba alikuwa amewaletea maji. Wakanywa wamesimama, wakamshukuru, Bomoa akamwambia lile paa bati moja tu ndilo bovu, la tatu kutoka kushoto, na wakateremka kuelekea kituoni, mmoja mbele na mwingine nyuma, maana njia ilikuwa nyembamba.